Kuku wa Dada Luzia

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto inanichosha mpaka leo. Wengine wakiisikia huona sikukuu; mimi narudi Olumbi, kwenye kijiji cha ua wa waya ambako Wareno walitukusanya wakati wa vita ili tusiwalishe watu wa msituni, wapigania uhuru. Zamani nyumba zetu zilikuwa mbalimbali, kila moja na shamba lake. Pale tulibanwa kwa mistari, ukuta wa huyu ukigusa jiko la yule, na ukitaka kwenda shambani au pwani lazima upite getini kwa sipai, askari mweusi wa Wareno. Waliotembea bila kuulizwa walikuwa kuku tu. Walizurura nyumba hadi nyumba, na mama zetu, ambao hawakuwa na kitu kingine cha kujivunia, waliwatambua kwa rangi na kwa sauti.

Kisha kuku wakaanza kufa. Jioni jogoo anawika, asubuhi yuko chini ya tundu, shingo imepinda. Wengine walisinzia kidogo, wakaharisha kijani, wakaanguka. Nasi watu wa pwani tulikuwa na haraka yetu: kuku akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi, kwa hiyo ukimwona amelegeza mabawa unakimbilia kisu. Mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani, akawa mtu wa kuitwa kila nyumba. Alipita kanzu kaikunja kiunoni, kisu ni kile kile, ndara ni zile zile zenye damu, na kila alikochinja aliondoka na paja. Nadhani katika njaa ya kijiji kile ni yeye peke yake aliyenenepa. Nyama iliyobaki tuligawana, maana hakuna aliyetaka kula peke yake huku jirani anasikia harufu. Sisi watoto tulitumwa na mabakuli ya nyama mbichi, na manyoya yalimwagwa nyuma ya nyumba, ambako kuku wa wengine walikuja kuchakura. Haukupita muda, nyumba iliyopokea bakuli nayo ikamwita mwalimu.

Mambo hayo hatukuyaunganisha. Sisi tulitafuta mtu. Kuku walikuwa wazima kwenye nyumba moja tu, ya Dada Luzia, Mkristo wa Kimakonde kutoka bara, aliyeletwa pale na mtoto mgongoni bila mume. Ilisemwa kwamba mume yuko msituni. Hatukuwahi kumpelekea bakuli hata siku moja. Tuliamini sufuria yake imepikia nguruwe, naye alijua tunavyoamini, akabaki uani kwake, na kuku wake akawafungia humo humo. Sasa kisimani wanawake wakaanza kuulizana kwa nini kuku wa Luzia hawafi. Mmoja akasema ni uchawi wa bara, mwingine akasema ni sumu aliyopewa na watu wa msituni. Hilo la pili ndilo lililomtia mama yangu hofu. Uchawi ungeishia midomoni, lakini neno la msituni likifika getini, Luzia angechukuliwa, na waliochukuliwa hatukuwaona tena.

Mama akaamua aonekane anampelekea Luzia kitoweo kama jirani yeyote. Alipochinjiwa tetea wake wa mwisho, alibeba bakuli mwenyewe, jua la adhuhuri, watu wakitazama, nami nikamfuata nyuma. Njiani alitembea kwa madaha kama anakwenda harusini. Luzia alilipokea kwa mikono miwili, akaitazama ile nyama.

"Huyu alikuwa mgonjwa, Mama Zaina?" akauliza.

Mama akasema kachinjwa angali hai, ni halali kabisa.

"Kwetu bara tungemfukia, na nyama isingetoka nje ya ua," alisema Luzia, taratibu, bila kulaumu.

Mama akanyoosha mkono alichukue bakuli lake. Luzia hakumpa. Aliiosha nyama pale pale uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakichungulia, kisha akayamwaga yale maji na vinyoya vilivyosalia katikati ya kuku wake, nao wakavikimbilia.

"Hawa wakifa," akamwambia mama kwa sauti ndogo, "mimi na mwanangu tutabaki."

Mama akarudi nyumbani. Mimi nilimwona Luzia hajui kufuga. Kuku wake nao wakasinzia, wakapinda shingo, wakaisha wote. Hapo wale wanawake wa kisimani wakaenda kwake, mmoja mmoja, wakampa pole na kukaa kwenye mkeka wake kwa mara ya kwanza. Aliwakaribisha vizuri. Lile neno la msituni hakuna aliyelipeleka getini.

Sasa nami ni bibi, naishi Palma, na vita vingine vimenikuta. Siku hizi hupita kijana mwenye kichupa cha chanjo, anamdondoshea kila kuku tone moja jichoni. Ndiye aliyenieleza kwamba ugonjwa ule unaitwa mdondo, na kwamba husafiri kwa nyama, kwa maji ya kuoshea, kwa manyoya, kwa kisu na nyayo za watu. Kumbe kuku wa Luzia walikuwa wazima kwa sababu sisi tulimtenga, na yeye alilijua hilo muda wote. Kuku wangu hawafi tena ovyo, namshukuru Mungu. Lakini mtaani kwetu wamejaa watu waliokimbia vijiji vyao, na juzi jirani yangu, aliyekosa chanjo na kuku wake wakafa, aliniuliza, akiangalia huku na huku, mbona kuku wa yule mama mgeni wa nyumba ya pembeni hawajaguswa na kitu. Nilichoka ghafla. Nilibaki najiuliza mama huyu naye atalazimika kuua nini ndipo twende kumsalimia.