Nilimfukuza Mtu wa Mella Katikati ya Maombi

Admin, jina langu lifunike, lakini umri wangu uache watu wauone: miaka sabini na nne, na meno yangu karibu yote yapo. Naishi upande wa Rubongi. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika pole pole na kidole kimoja. Zamani nilikuwa nabeba magunia pale Malaba. Gunia la mahindi mtu mwingine anabeba moja, mimi nabeba mawili na bado napiga mluzi. Waulizeni wazee wa kule. Kanisani pia mimi ndiye kiongozi wa maombi. Nikiomba, watu walio ng'ambo ya barabara wanasema Amina.

Mke wangu alipigwa na kiharusi, mwaka wa pili huu. Upande wa kushoto umekufa, ulimi ni mzito. Akina mama wa kanisa walikuja mwanzoni, wakafua, wakapika, halafu mvua ikanyesha, wakaenda kulima. Siwalaumu. Nikabaki mimi. Namwogesha, namgeuza, namchana nywele, namlisha uji. Watoto wako mbali, na mimi sijamwambia mtu kwamba nachoka.

Sasa kuna mtu mmoja wa Mella, mfugaji, mzee kama mimi. Ujanani alimtaka huyu mke wangu. Walikuwa wanaimba kwaya pamoja. Lakini ng'ombe wake wa mahari walikuwa mbavu nje, wangu walijaza boma la baba mkwe mpaka wakakosa pa kulala. Mambo yakaisha. Mwaka jana mtu huyo akaanza kuja kila Alhamisi na baiskeli yake, ati anakuja kuomba na mgonjwa. Anaketi, anaweka kofia magotini, anaomba kwa sauti ndogo ambayo hata kuku mlangoni haisikii. Na mke wangu anacheka! Mdomo unakwenda upande mmoja, lakini anacheka. Mimi nimemwogesha asubuhi yote, hakucheka.

Nikamuuliza, "Huyo anakupa nini ambacho mimi sikupi?"

Akajibu pole pole, "Baba Okoth, wewe ukiomba, unamgombeza Mungu. Yeye anaongea naye tu."



Alhamisi iliyopita nikatoka kisimani na jerikeni, nikawakuta wamefumba macho. Mkono wa kulia wa mke wangu, ule mzima, uko ndani ya mkono wa yule mtu. Nikatupa jerikeni chini.

"Toka! Ulishindwa kwa ng'ombe, sasa unakuja kwa njia ya Yesu?"

Akafungua macho. "Mzee mwenzangu, ngoja basi niseme Amina."

"Amina utaisemea Mella!"

Hakubishana. Alichukua kofia, akasukuma baiskeli, akaenda zake. Kama angenitukana ningefurahi.

Mke wangu akakataa uji. Jioni ndiyo akasema, "Unajua umekatiza maombi ya nani?"

"Yako."

"Yangu tulimaliza siku nyingi. Mimi roho yangu imetulia. Nilimwambia aache kuniombea mimi, amwombee mwanamume wangu. Ukininyanyua nasikia magoti yako yanalia. Unageuka ukutani ili nisione uso. Kila Alhamisi tunakuombea wewe, mzee."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta mbuzi.

Kweli nilikuwa naamka Ijumaa mwepesi, naweza hata kukata kuni. Nilidhani ni damu ya ukoo wetu, sisi tuna mifupa migumu. Wiki hii nimeomba mwenyewe, kwa ile sauti yangu ya kanisani. Maneno yalikuja mengi, nguvu haikuja. Jumatatu nikimnyanyua kumpeleka kwenye kiti, magoti yakakataa. Tukaanguka wote wawili kwenye sakafu, tukakaa hapo mpaka jirani akaja na mwanawe kutuinua. Hakuumia, Mungu anisamehe. Lakini akiwa kitandani aliniangalia akasema, "Nenda Mella ukamrudishe. Usipokwenda, usiniguse tena. Nitalala hapa hapa nilipo."

Na anafanya hivyo. Ni siku mbili sasa, anageuzwa na binti wa jirani, mimi nikikaribia anafumba macho.

Msifikiri wivu umeisha. Umeongezeka. Kwanza nilikuwa na wivu juu ya mke. Sasa nina wivu kwamba Mungu anamsikia yule mwenye sauti ya mbu, na mimi niliyemtumikia kwa kelele miaka yote hiyo ananiacha naanguka. Nina wivu pia kwamba wawili hao walijua udhaifu wangu na kuuzungumza nikiwa kisimani. Nikienda Mella, nyumba nzima itanitazama nikishuka kwenye boda, na wataelewa kwa nini nimekuja.

Kesho ni Alhamisi. Wazee wenzangu, na nyinyi mama mnaojua kusali, nipeni neno la kuanzia nikifika mlangoni kwake. Kwa Mungu nimeomba mvua ikaja, nimeomba watoto wakaja. Lakini kumwomba mtu msamaha, miaka sabini na nne, sijawahi. Mnaanzaje?