Shamba la Majani la Koko

Juma lililopita nilikuwa mpakani Kavimvira, nimekaa juu ya mfuko wangu wa nguo nikingoja watu wa forodha wamalize kuchungulia mizigo, nikaona lori limebeba mashine nyekundu ya magurudumu mawili yenye sanduku refu la bati. Dereva akaulizwa ni ya nini. Akasema ni ya kupanda majani ya ng'ombe, inakwenda huko kwenye tambarare. Mama mmoja wa kubadilisha pesa akapiga makofi. "Eh! Majani inapandwaka? Minye sijaonaka ile." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Mimi nimewahi kupanda majani. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, huko Kiringye, na nikikumbuka nachoka.

Kama umewahi kuishi tambarare ya Ruzizi utanielewa. Mkulima wa kule anapigana na majani maisha yake yote. Akipanda mpunga, majani. Akipanda muhogo, majani. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba bibi yako anakusanya mbegu za majani, anazianika na kuzilinda na kuku. Watu walimwona amerukwa kidogo na akili. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, hakujali. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye kituo cha kilimo cha wakati wa Wabelgiji, na ufundi huo aliupata huko.

Alikuwa na sababu. Vita vya kwanza, vile vya miaka ya tisini, vilipopita, katika ng'ombe saba alibaki na mmoja. Wale waliokwenda kuchungwa mbali, upande wa mto, hawakurudi. Watu wenye bunduki walikuwa wanawasubiri huko. Mama yetu alikuwa amefariki alipomzaa mdogo wangu, na mtoto huyo aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule, basi. Koko akaapa kwamba ng'ombe wake wa mwisho hatatoka tena kwenda mbali. Atakula nyuma ya nyumba.

Tulivuna mbegu kwa mikono kando ya barabara, tukizipukusa kutoka kwenye masuke hadi vidole vikawasha. Nilidhani tutazipanda kesho yake. Wapi! Koko akazifunga kwenye gunia, akalitundika juu ya jiko, akasema mbegu mbichi ya majani haioti, lazima ilale kwanza nusu mwaka. Kwa hiyo miezi yote hiyo tulikula bugali na ndagala chini ya gunia la majani, na moshi ukilipita.

Mjomba alikuwa na mashine ndogo iliyotoka kituo kilekile, mfuko wa turubai unaovaliwa kifuani, na chini yake sahani ya chuma inayozungushwa kwa mkono ili irushe mbegu. Alijivunia kweli kitu kile. Mvua zilipokaribia aliivaa, akatembea shambani akiizungusha, krr, krr, krr, kama anasaga kahawa. Lakini mbegu za majani zina manyoya, zinashikana. Mashine ikanyamaza, kisha ikatema bonge zima mahali pamoja. Koko akamwambia aende akapumzike.

Yeye alichanganya mbegu na mchanga mkavu wa mtoni, ili zisishikane na ili mchanga mweupe uonyeshe kwenye udongo mweusi pale ulipokwisha kupita. Tuliamka alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Mara ya kwanza tulirusha tukitembea kwa urefu wa shamba, mara ya pili kwa upana, kila mara nusu ya mbegu. Kisha tukaburuta tawi la miiba juu yake, na sisi watoto tukakanyagakanyaga. "Musiizike," alikuwa akisema, "hii haiko mahindi." Siku tatu. Miguu yangu haikuwahi kuuma vile.

Yaliota. Yalipofika magotini, tukasikia milio ya bunduki, na tukakimbilia Uvira na ng'ombe wetu. Tulilala uani mwa parokia miezi mitatu. Ng'ombe alikula maganda ya ndizi na takataka za sokoni, maziwa yakapungua hadi kikombe kimoja. Koko alimsugua mgongo na kumwambia kwamba shamba lake linamsubiri.

Sasa kule kwetu kuna desturi. Mtu akiwa amekimbia, aliyetangulia kurudi humlimia shamba, ili asirudi akakuta pori na njaa. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuwa Sange kwa ndugu zake tangu vita vya kwanza, hakutuona tukipanda. Alirudi kijijini kabla yetu.

Tulipofika, alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yetu, anacheka. Shamba lilikuwa safi, jeusi, limelimwa hadi pembeni, na miti ya muhogo imechomekwa kwa mistari. Majani yetu yalikuwa lundo lililooza.

"Mama, nilikuta shamba yako imekuwa pori!" alimwambia Koko. "Nikasema hapana, mama hawezi kurudia mu njaa. Angalia mikono yangu." Akaifungua. Ilikuwa malengelenge matupu.

Koko aliishika ile mikono kwa muda mrefu. "Aksanti, mwanangu," akasema. "Umetulimia."

Mimi nilitaka kulia kwa hasira.

Ikabidi ng'ombe apelekwe mbali. Koko hakukubali mtu mwingine amchunge, alikwenda mwenyewe kila asubuhi. Siku ya kumi na mbili alirudi mapema, ameshika kamba tupu.

Jioni ile jirani alikuja kutupa pole. Alilia kuliko sisi. "Pole, mama. Kama mungekuwa tu na majani hapa karibu na nyumba…" Nikafungua mdomo. Koko akaniwekea mkono gotini, akanibana. Jirani alipoondoka nilimuuliza Koko kwa nini. Akasema, "Ukimwambia, siku ingine mutu akikimbia, nani atamulimia?"

Koko hayupo tena. Mjomba hayupo. Vita vilikuja na kurudi, nimeacha kuvihesabu, na siku hizi watu wakirudi kutoka ukimbizini hukuta mashamba yao yamelimwa pia, lakini na mtu asiyetaka kuondoka. Yule jirani alizeeka na kufa bila kujua. Mdogo wangu alikonda sana mwaka ule, tukadhani atatutoka. Kisha muhogo ukakomaa, tukampikia uji wake, akainuka. Jirani alikuwa akimbeba na kuwaambia watu kwamba jembe lake ndilo lililomponya mtoto huyu. Hakuwa anasema uongo.