Poti Ilibaki Nyasho

Ukweni mtu habebi choo. Hivyo ndivyo Florian alivyomwambia mkewe asubuhi ile pale Nyasho, alipomkuta anafunga poti ya mtoto ndani ya kanga. "Baba akiiona, utamwambia ni bakuli la nini?" Marcelina akaona aibu, akairudisha uvunguni. Wanaume bwana! Yeye mwenyewe alikuwa anabaki mjini na kazi yake.

Marcelina alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mkobani alikuwa na barua ya semina: wiki tatu Bunda, kulala bwenini, watoto hawaruhusiwi. Asiyehudhuria hathibitishwi kazini. Binti yake Wankyo alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na wa kumwachia alikuwa mmoja tu, mama mkwe, Bibi Nyangi wa kijiji cha Buswahili. Bibi alikuwa ametuma jibu fupi: amlete, ila awe ameacha kujikojolea. "Mgongo wangu umekwisha, na sabuni hakuna." La sabuni lilikuwa kweli tupu. Mwaka ule wa themanini na tatu watu walifulia majani ya mpapai, na mwenye mche mmoja wa sabuni aliuficha asije akaitwa mlanguzi.

Nyumbani Wankyo alikuwa ameshahitimu. Anaketi kwenye poti yake, anaimba, anamaliza, anajipigia makofi. Kumbe alichohitimu ni poti, si kujisaidia! Walipofika Buswahili siku ya Alhamisi, kopo alilopewa alilisukuma kwa mguu. Kuchuchumaa nyuma ya nyumba pamoja na binamu zake akakataa, eti pachafu. Na choo cha pale kilikuwa cha baba mkwe. Kwa watu wa huko, mke wa mwana haingii choo anachoingia baba mkwe, hata awe amebatizwa mara saba. Kwa hiyo kila mtoto alipojishika, Marcelina alimbeba mbio kuvuka shamba la mihogo kwenda choo cha jirani. Ijumaa mara mbili hawakufika. Jumamosi mara tatu, na mkeka ukalowa.

"Watoto wa huku hawasumbuagi hivi," alisema Bibi Nyangi jioni ile, akichambua mchicha. "Wanachuchumaaga tu pale nyuma, nafukia kwa jembe, basi."

"Anajua, mama. Ni ugeni tu."

"Haya. Jumatatu unaondoka. Tutaona."

Tutaona! Marcelina alilala na neno hilo. Asubuhi ya Jumapili akampunguzia mtoto uji, akamnyima maji mpaka midomo ikakauka, naye roho inamuuma, masikini, lakini afanyeje? Bibi akimkataa mtoto, kazi imekwenda.

Baada ya misa, baba mkwe, Mzee Magesa, alirudi na katekista na wazee wawili. Wakaketi barazani, mzee akiwa katika suruali yake ya kanisani, ile ya kijivu, ile moja. Bibi Nyangi akaenda kisimani kuwatekea wageni maji. Marcelina alikuwa jikoni anasonga ugali, na alipoinua macho mlangoni akamwona Wankyo amepanda mapajani mwa babu yake.

Kisha mtoto akanyamaza. Akakazia macho ukuta, vidole vya miguu vikajikunja. Mungu wangu! Mama yake aliijua hali ile.

Na mke wa mwana hamsogelei baba mkwe. Hampi mkono, haketi alipoketi, akimpita anapita mbali ameinama. Miaka minne ya ndoa Marcelina hakuwahi kumkaribia mzee yule hatua tano. Akatoka, akapiga magoti katikati ya uwanja.

"Wankyo! Njoo kwa mama."

Mtoto hakusogea. Mzee akageuza uso pembeni, kama inavyopasa.

"Wankyo, njoo nikupe muwa!"

Mtoto akakunja uso. Hapo Marcelina akakimbia. Akapanda baraza, akamnyakua mtoto, mikono yake ikagonga magoti ya baba mkwe, kilemba kikamvuka na kumwangukia mzee miguuni. Papo hapo maji ya moto yakamtiririka kifuani, yote, hata tone halikugusa suruali. Akafurahi, kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha akaona kiti kimeanguka, mzee amesimama amempa mgongo, na katekista anatazama viatu vyake. Mzee Magesa akaingia ndani.

Bibi Nyangi aliporudi na ndoo kichwani, mzee mmoja akamnong'oneza. Akaitua ndoo, akamvuta Marcelina nyuma ya jiko.

"Mkojo wa mjukuu ni kitu gani?" aliuliza taratibu. "Angemkojolea babu yake tungecheka. Yule amekojolewa na wajukuu tisa."

"Mama, niliogopa utamkataa."

"Nimkatae mtoto wa Florian, nimpeleke wapi? Nilikuwa nasemea mgongo wangu tu." Akashusha pumzi. "Mtoto anabaki. Wewe ndiye hulali hapa leo. Mpaka Florian alete mbuzi wa kuondoa mwiko na wazee waseme yao, usikanyage uwanja huu. Kalale kwa Nyamburi, yule rafiki yangu wa barabarani, kesho upande lori la Bunda."

"Mbuzi, mama? Mwaka huu? Atampata lini?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi nimuage."

"Ukimuaga atalia. Nenda."

Bibi akamchukua Wankyo mikononi mwa mama yake, akamvua ile chupi iliyolowa, akaitupia kwenye ua, akambeba mtoto vivyo hivyo, makalio wazi. Marcelina akaletewa mkoba wake. Alikuwa ameomba siku tatu mtoto apokelewe, na mtoto alikuwa amepokelewa.

Alikuwa ameshaingia kwenye mihogo Wankyo alipoanza kumwita. Hakugeuka. Gauni lilikuwa bado limelowa kifuani. Akalikumbatia kwa mikono miwili, akaomba jua lisilikaushe.