Saa Mbili ya Mama

Niliandika programu ya Python ya kukatia tiketi za gari la Same kwenda Suji. Mama yangu akajaza saa 2, akimaanisha asubuhi, akajibiwa kwamba gari linaondoka saa nane usiku. Akanipigia: "Mwanangu, hilo gari la wachawi?"

Nilichukia. Nikataka kumwambia ahesabu kama kompyuta. Lakini kwa nini abadilike yeye, mtu mzima, kompyuta ibaki ilivyo? Klasi yangu ya Saa, yaani kiolezo cha kutengenezea saa ndani ya programu, ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuundia saa, wa kizungu, unaohesabu kuanzia usiku wa manane. Nikaiongezea classmethod, yaani mlango wa pili wa kuundia saa, nikaiita kwa_kiswahili: inapokea saa mbili asubuhi, inaongeza sita, inatoa Saa ileile ya 08:00.

Mama akapanda gari lake asubuhi. Siku hizi mlango wake ndio ninaoanza kuuandika.