Zuwena na Tui la Pili la Majani ya Mkarafuu

Nnaandika kwa kidole kimoja, na bado nnataka kumpigia mwenyewe simu nimuulize kama ni kweli. Shoga yangu Zuwena katangulia mbele ya haki. Wanaume wameshamzika.

Wajukuu zetu humu kwenye kundi hawajui kama bibi zao walifanya kazi maabara. Miaka ya hamsini, wasichana wawili wa mjini, mtaa wa Malindi, tunapanda gari ya shamba na mabuibui yetu kwenda maabara ya kilimo kuponda majani ya mikarafuu.

Kazi yenyewe hivi: unaponda jani kwenye kinu kidogo kilichokaa juu ya barafu, pamoja na maji baridi ya sukari. Unachuja kwa kitambaa. Halafu unatia kwenye vichupa, unazungusha mashine kwa mkono mpaka bega linawaka. Vile vijichembe vya kijani vilivyomo ndani ya seli vinashuka chini, maji yanabaki juu.

Siku moja bwana mkubwa wa maabara, Mwingereza asiye na makelele, akamwambia Zuwena: leo fanya mwenyewe. Ukivitenga vijichembe, unabaki hapa. Ukishindwa, unarudi kitaluni kumwagilia miche. Na Zuwena kitalu hataki hata kukisikia.

Akaponda, akachuja. Kisha, looo! Kaona makapi bado yana rangi, akayamiminia maji ya mtungini, akakamua tena kwa nguvu zake zote, akachanganya na ya mwanzo.

Nikamwambia, "We Zuwena, unapika wali?"

"Nyamaza! Nitupe majani ya watu bure?"

Tukazungusha. Chini hamna kitu, juu kijani tupu. Maji yale hayana sukari, vijichembe vimevimba vikapasuka vyote.

Akakaa juu ya gunia la barafu akalia. Na mimi nikalia, maana yeye akirudishwa kitaluni, peke yangu pale ningefanya nini?

Bwana mkubwa alipoingia, Zuwena akajifuta uso akamwambia, "Nimekamua kama nazi." Hakufahamu. Ikabidi nimueleze tui linavyokamuliwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama barafu. "Barafu iliyobaki inatosha mara moja tu. Rudia."

Safari hii Zuwena alikitundika kitambaa kikachuruzika chenyewe, mikono kaifunga nyuma. Kijani kikashuka. Akapiga kigelegele mle mle maabara, khaa! Kitaluni hakurudi tena.

Leo matangani nimepewa nazi nikamue. Tui la kwanza nimeliweza. Kwenye maji ya la pili nikaangua kilio.

Wakaniambia, "Nyamaza, Bi Mkubwa." Lakini hiyo "nyamaza" hawajui kuisema kama wewe, Zuwena.

Pumzika salama, shoga yangu.