Maranda ya watoto wangu kumi na wawili

Leo nimeliza fundi wa mbao bila kutaka.

Hii baridi ya Julai imeniumizia vifaranga. Niliwatandikia magazeti, wakayalowesha, asubuhi nikawapata wamerundikana wakitetemeka.

Nikakimbia Kambi Muru kwa fundi Wafula kuomba maranda, yale mabaki ya kuranda mbao.

"Ya nini, mama?"

"Watoto wangu kumi na wawili wanalala kwa baridi. Nataka niwatandikie."

Macho yakamjaa machozi. "Na baba yao?"

"Alituacha Jumapili."

(Jogoo wangu, jameni! Nilidhani tunaelewana.)

Akanijazia gunia, akauliza nakaa wapi.

Sijamaliza kutandika, nasikia hodi. Ni fundi, bibi yake, na blanketi mpya. Eti wamekuja kunipa pole.

Bibi akachungulia kwa katoni. "Watoto ndio hawa?"

"Ndio."

"Na marehemu mlimzika wapi?"

"Tulimla na ugali."

Huyo mama alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Alikunja blanketi yake polepole, akaenda.

Sahii vifaranga wamekauka, wamelala fofofo kwa maranda. Shida ni wiki ijayo nitahitaji gunia ingine, na sura ya kumrudia Wafula sina.

Ungekuwa wewe, ungerudi?