Matete ya Shimo la Tatu

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekula kwa kazi ya kuwatia watu hofu. Nilianza kama mkata nyasi kwenye uwanja wa gofu huko nyanda za juu, kwenye baridi na mashamba ya chai, kijana niliyetoka Kyela na sweta la kuazima. Gofu sikuijua. Niliona watu wazima wakipiga kimpira kwa fimbo ya chuma, kisha wakakitafuta nusu saa kwenye majani, nikawa najiuliza kwa nini wasikishike tu mkononi wakaenda nacho.

Baada ya miaka kadhaa akaja mzee mmoja mgeni, aliyepewa kazi ya kuchora upya sehemu za uwanja ule. Alitaka mtu wa kumbebea vigingi na kamba ya kupimia, nikachukuliwa mimi. Mwezi wa pili alinisimamisha mahali wachezaji wanapoanzia kupiga.

"Unaona nini kule?" akaniuliza.

"Shimo la mchanga, na bendera."

"Mchanga uko umbali gani kutoka kwenye bendera?"

"Umegusana nayo."

"Nenda ukapime."

Nilipima. Kutoka kwenye mchanga hadi kwenye bendera zilikuwa hatua thelathini na mbili. Nilirudi nimechanganyikiwa, yeye akacheka mpaka akakohoa. Mchanga ule, alinieleza, aliuweka kwa ajili ya macho. Ukuta wake wa nyuma alikuwa ameuinua kidogo, ukaficha nyasi zote zilizo katikati. Mchezaji akisimama pale anaamini hana nafasi, mikono inakaza, na mpira unakwenda asikotaka.

Nilikaa naye miezi minane nikajifunza mengine. Acha majani marefu mbele ya mchezaji, hata kama mpira utayapita juu bila shida, kwa sababu yakimjaa machoni njia itaonekana nyembamba. Panda miti miwili karibukaribu kama miimo ya mlango. Weka maji mahali atakapoyaona kabla hajaona kitu kingine. Na kila unapomtisha, mwachie njia ya salama pembeni, ila usimwonyeshe. Hilo la mwisho ndilo nililolipenda kuliko yote. Mzee alipoondoka nikawa fundi wa uwanja ule, na nakiri kwamba nilifurahia. Nilijificha nyuma ya mti nikawatazama wakurugenzi na wanasheria, watu ambao mjini nisingethubutu kuwapita bila kuinama, wakitokwa na jasho mbele ya kidimbwi nilichokichimba mimi.

Mkataba ulipokwisha nilirudi nyumbani Ikolo, kijijini kwetu Kyela. Hapo nilimkuta dada yangu.

Dada ananizidi miaka tisa. Mama yetu alifariki nikiwa bado nabebwa, na dada ndiye aliyenibeba. Alikuwa amefiwa na mume, watoto wake wameoa na kuolewa mbali, amebaki na mpunga wake, kokoa yake na migomba nyuma ya nyumba. Alinipokea kama niliyekuwa nimetoka jana tu. "Ugonile," alinisalimia, akaniwekea wali na mbasa, samaki wa ziwani kwetu, akaniambia nimekonda. Lakini kicheko chake nilichokijua utotoni sikukisikia tena. Majirani waliniambia alikizika pamoja na mumewe.

Haukupita mwaka, mfanyabiashara mmoja wa Mbugani akanitafuta. Alikuwa mtu mwenye asili ya pwani, amekaa Kyela tangu ujana wake akiuza vitambaa na vifaa vya ujenzi, na sasa alikuwa amejenga nyumba ya wageni karibu na ziwa. Pembeni yake alikuwa na shamba la mpunga lililoachwa, na shimo kubwa lililochimbwa udongo wa matofali zamani, ambalo sasa lilikuwa bwawa. Alitaka mashimo sita ya gofu, yaani njia sita za kupigia, kila moja na bendera yake.

"Lakini fundi, nisikilize," aliniambia. "Wageni wangu watakuwa walimu, manesi, watu wa kwaya, watu ambao hawajawahi kushika fimbo hiyo. Nataka wafurahi, warudi tena."

"Mzee, gofu bila woga si gofu," nilimjibu.

Alinitazama, akasema mimi ndiye ninayejua. Natamani angebisha.

Dada alikuja kila siku wakati wa ujenzi. Mwanzo alileta chakula, magimbi au kande, kisha akaanza kupanda nyasi pamoja na vibarua, ameinama tangu asubuhi, mkono wake ukienda haraka kuliko wa mtu yeyote pale kwa sababu ya kupandikiza mpunga maisha yote. Mchana mmoja, tukiwa tumepumzika, aliokota fimbo yangu akaishika kama jembe.

"Hii inapigwaje, mdogo wangu?"

Nilimwonyesha. Mpira wa kwanza aliukosa, wa pili ukaviringika kidogo, wa tatu ukaruka moja kwa moja ukapita miti ya kokoa mwishoni mwa shamba. Nilihesabu hatua tisini. Dada alisimama pekupeku, kanga imekazwa kiunoni, ameweka kiganja juu ya macho kuufuata ulikoangukia. Kisha akacheka. Alicheka mpaka vibarua nao wakaacha majembe wakacheka, bila kujua wanachekea nini.

Kwa wiki tatu alifanya mazoezi kila jioni baada ya kazi. Alikuwa na mkono mzuri, mzuri kuliko wengi wa wale wakurugenzi wangu. Aliwaambia akina mama wenzake wa kwaya, nao wakaahidi kuja kumtazama siku ya ufunguzi. Nyumbani, akipika, alinieleza mpira fulani ulivyoruka kana kwamba mimi sikuwepo. Ile ilikuwa furaha kubwa niliyoiona nyumbani kwetu kwa miaka mingi.

Na mimi jioni hizohizo nilikuwa namalizia shimo la tatu, peke yangu, upande ambao dada alikuwa hajafika.

Niliupanua ukingo wa bwawa mpaka ukaja karibu na miguu ya mpigaji. Ng'ambo, palikuwa na michikichi miwili iliyosimama jirani. Nikaweka bendera nyuma yake ili mtu aione katikati kama kwenye upenyo wa mlango. Chini ya michikichi nikachimba mchanga wenye ukuta mrefu. Upande wa kulia wa bwawa niliacha ukanda mpana wa nyasi, njia ambayo hata mtoto angepitisha mpira bila kugusa maji, nikauziba kwa matete. Kutoka mahali pa kupigia hukuuona kabisa. Uliona maji, mchanga na mlango mwembamba. Maji yenyewe hayakufika hatua sitini, wakati dada alikuwa anapiga tisini. Nilipomaliza nilisimama pale nikahisi hofu mimi mwenyewe, nikaridhika.

Siku ya ufunguzi, Jumamosi mchana, walikuja watu wengi. Mfanyabiashara alikuwa amealika jamaa wachache wa gofu kutoka Mbeya, na mmoja wao, bwana mwenye kofia nyeupe, alikuwa amenidokeza asubuhi ile kwamba wenzake mahali pengine wanatafuta mtu wa kuchora uwanja mzima. Nilitembea karibu naye muda wote.

Dada alicheza shimo la kwanza na la pili vizuri. Akina mama wa kwaya walimpigia vigelegele. Tulipofika la tatu vigelegele vilipungua, kwa sababu kila mtu aliliona bwawa.

Dada alisimama mbele ya mpira. Alitazama maji, akatazama michikichi, akatazama maji tena. Alisimama muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia ya sokoni:

"Mdogo wangu, hakuna pengine pa kupitia?"

Yule bwana wa kofia alikuwa ananitazama akitabasamu. Alikuwa amekwisha kuliona shimo lile, na niliona limempendeza. Ningesema nini? Ningesema, ndiyo dada, lenga kulia, juu ya matete, kuna nyasi tele. Maneno hayo yasingenichukua hata pumzi moja.

"Hakuna, dada," nilisema. "Piga tu."

Alipiga. Mikono yake, ambayo kwa wiki tatu ilikuwa imelegea vizuri, ilikuwa imekaza kama ya watu wote niliowahi kuwatazama nikiwa nyuma ya mti. Mpira uliingia majini. Alipiga wa pili, nao ukaingia. Wa tatu haukufika hata ukingoni mwa bwawa. Uligonga jiwe ukarudi nyuma, karibu na mguu wake. Mmoja wa wageni alicheka. Bwana wa kofia akasema, "Shimo la kiume hili!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Dada aliilaza fimbo kwenye nyasi taratibu, kama anarudisha chombo cha mtu.

"Ndaga," alisema. Asante. Hakusema anamshukuru nani.

Kisha akaanza kwenda nyumbani. Hakurudi tulikotoka. Alikwenda upande wa kulia wa bwawa, akayasukuma matete kwa mikono miwili, akapita, nayo yakalala pande zote mbili. Wote tuliokuwa pale tukauona ule ukanda wa nyasi, mpana, mkavu, unaofika mpaka kwenye bendera. Akina mama wa kwaya walinitazama. Niliiokota fimbo nikajifanya naifuta.

Hatukugombana. Nilipokwenda kwake kesho yake alinipa chakula kama kawaida, tukazungumza habari za kokoa iliyokuwa inaanikwa. Nilipomwambia arudi uwanjani alisema, "Nimezeeka, michezo ni yenu." Nilijiambia kwamba tatizo lake ni maji. Nilijua kisa chake: nilipokuwa mdogo alinivusha mgongoni wakati wa mafuriko, akateleza, tukaokolewa na watu waliokuwa wanatoa mahindi shambani. Nilikishika kisa hicho kikanisaidia kulala. Kwa hiyo si mimi, niliwaza, ni mambo ya zamani.

Nilikusudia kuyakata matete. Lakini shimo la tatu ndilo lililopata sifa; wageni walipiga picha pale, na mfanyabiashara mwenyewe akafurahi. Kisha ile kazi ya mbali ikaja kweli. Niliondoka kwenda kuchora uwanja mzima, mashimo kumi na manane, na nikakaa huko karibu miaka miwili. Nilimpigia dada simu kila Jumapili. Nilimuuliza habari za mpunga na mvua, naye akaniuliza kama nakula vizuri. Habari za siku ile sikumuuliza hata mara moja.

Simu iliyonirudisha ilipigwa na binti yake. Dada alikuwa amepata kiharusi shambani. Nilimkuta ameketi barazani, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Maneno yalimtoka polepole, lakini yalikuwa yanaeleweka.

Kesho yake alfajiri nilikwenda uwanjani na panga. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliyakata matete yote mpaka kwenye shina, nikafukia sehemu ya bwawa niliyoipanua, na nikaweka mahali pengine pa kupigia, mbele zaidi, pembeni mwa maji. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Mfanyabiashara alikuja akasimama, akatazama, akasema tu, "Pole na kazi, fundi," akaondoka.

Siku ya tano nilimleta dada kwa bajaji. Nilimshika mkono mpaka shimo la tatu, nikamwonyesha nyasi zilivyo wazi. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kinywani nikakuta maelezo.

"Siku ile nilisahau kwamba unaogopa maji," nilisema. "Yale ya mafuriko."

Alinitazama kwa mshangao.

"Maji? Gwe, mimi nalima mpunga. Nashinda majini." Alipumzika kidogo, akayatafuta maneno. "Nilikuuliza njia. Nilikuona usoni unaijua. Nikaona pia hutaki kunipa. Basi mikono ikaishiwa nguvu."

Nilisema nisamehe, na yeye akasema alikwisha kunisamehe siku ileile, kabla hajafika nyumbani, kwa sababu angefanya nini na kinyongo kwa mtoto aliyemlea. Alisema hivyo bila kunionea huruma. Kisha akaendelea kuitazama ile njia, na mkono wake wa kushoto ukasogea kidogo hewani, kama unapima uzito wa kitu.

"Hapo ningepitisha," alisema. "Hata mara mbili."

"Ungepitisha, dada."

Mkono wa kulia haujarudi. Daktari amesema tusiutegemee. Watu bado wananiita nikawachoree viwanja, na baadhi nimekwenda. Nimewachorea vizuri, na kila mahali nimeiacha njia ya pembeni wazi, aione hata mtu aliyekuja mara ya kwanza. Wengine wanalalamika kwamba viwanja vyangu siku hizi ni laini. Sibishani nao. Jioni nikiwa nyumbani namnyoosha dada vidole, kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa hospitali, naye ananisimulia habari za kwaya. Gofu hatuizungumzii. Mara nyingine vidole vyake, nikivifungua, vinajikunja vyenyewe taratibu na kukishika kidole changu, na mimi nakaa hivyo bila kujisogeza mpaka vilegee.